Namba za Dakika ya Tatu

Luciana alipomchagua Kristiana, mimi nilikuwa nimeshika ungo wa maharage, na niliendelea kuchambua kama vile sikusikia. Watu wa hapa wanasema Avelina ana subira, hata ukimmwagia maji atakausha nguo kwanza ndipo akuulize kwa nini. Lakini siku ile mkono wangu ulikuwa unatupa maharage mazuri na kubakiza mabovu.

Luciana ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Justina. Justina alifariki siku ileile aliyomzaa, nyumbani, kwa kutokwa damu, mimi nimemshika kichwa. Nikamlea mtoto kwa maziwa ya kuomba na uji wa ulezi. Baba yake, Baltazari, alioa tena kule bondeni Mtowisa. Huyo Kristiana ni mama yake Baltazari, na anakaa hapahapa kijijini. Miaka yote ya kulea, alikuja kumwona mtoto mara mbili: siku ya ubatizo na siku ya komunyo ya kwanza. Mara zote mbili alikula, akashiba, akaenda. Sasa Luciana ni daktari, tena amerudi chuoni Mbeya kusomea udaktari wa akina mama, na Kristiana anapita njiani akisema, "Mjukuu wangu daktari." Hasemi mjukuu wetu.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, Luciana alikuja kijijini kwetu, huku juu kwenye njia ya kwenda Mpui, kufanya utafiti wake wa chuo katika kituo cha afya. Akatukalisha bibi zake wote wawili ukumbini kwangu atueleze. Akachukua harage moja kwenye ungo wangu, akalishika kwa vidole viwili.

"Bibi zangu, chini ya ubongo wa kila mtu kuna tezi ndogo, ukubwa wake kama hili harage. Zamani wataalamu walikuwa wanaitoa kwenye vichwa vya ng'ombe machinjioni, wanaisaga, wanachuja maji yake, wanamchoma mnyama sindano ya maji hayo na kupima presha yake. Wakakuta mna vitu viwili. Kimoja kinapandisha presha. Kingine kinakaza kizazi."

"Na ng'ombe mwenyewe anakuwa amekufa," Kristiana akasema.

"Amekufa, bibi. Siku hizi hicho cha kukaza kizazi kinatengenezwa kiwandani, hakuna tena habari ya ng'ombe. Ndiyo sindano anayochomwa mama akishajifungua tu, ili asitokwe damu. Sasa hiyo inashusha presha kidogo, kwa dakika chache, halafu presha inarudi yenyewe. Mimi nataka kujua kwa akina mama wa huku kwetu inashuka kiasi gani, na inarudi baada ya muda gani."

"Kwa hiyo ile ya kupandisha waliitupa?" Kristiana akauliza.

Luciana akacheka, akamshika goti. "Hawakuitupa. Ina kazi nyingine. Bibi, wewe ungesoma ungekuwa mbali."

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Kristiana hajui hata kuandika jina lake. Nikarudi kwenye maharage yangu.

Halafu ndipo akasema kwamba kila mama atahitaji msindikizaji, mtu mzima wa kukaa karibu na kichwa chake ili asiogope mashine. "Nimeona bibi Kristiana akae ndani na akina mama. Bibi Avelina, wewe utatusaidia uji. Hakuna anayekufikia kwa uji."

Nikasema, "Sawa, mwanangu."

Jiko la kituo linatazamana na dirisha la chumba cha kujifungulia. Si mbali, ni hatua kama kumi. Dirisha lina pazia fupi, na ukisimama kwenye kizingiti cha jiko unaona kitanda kuanzia kifuani kwa mama mpaka kichwani, na kiti cha msindikizaji. Miguu huoni, muuguzi huoni. Nilikoroga uji nimesimama kwenye kile kizingiti, na nilimwona Kristiana kwenye kile kiti vizuri kuliko alivyojiona mwenyewe. Alivaa kitenge chake cha Pasaka. Kwenda kuzalisha, kitenge cha Pasaka.

Kazi ilikuwa hivi. Mama akiwa na uchungu, muuguzi Lydia ndiye anakaa naye. Luciana anamvua mkono mmoja wa sweta, anamfunga mkanda wa presha juu ya kiwiko, anapima mara ya kwanza. Mtoto akitoka, Lydia anamchoma mama sindano pajani, na Luciana anampeleka mtoto kwenye meza ya pembeni kumfuta na kumpasha joto. Hapo ndipo Kristiana anaitwa aingie. Mashine inajaza mkanda upepo yenyewe, dakika ya tatu, ya tano, ya kumi, ya kumi na tano, na kutunza namba. Luciana anakuja kuzinakili baadaye.

Kwa mama wa kwanza sikuona kitu, macho yalikuwa kwenye kitenge. Kwa mama wa pili niliona.

Kwetu Wafipa mwanamke hawezi kumwona mtu mzima anaingia akakaa hivihivi. Anainama, anakutanisha viganja, anavipiga polepole, na kila akiulizwa habari anavipiga tena. Habari za kwetu ni ndefu: watoto, shamba, ng'ombe, waliobaki nyumbani. Sasa yule mama amezaa sasa hivi, amelala chali, hawezi kuinama. Lakini mikono anayo. Kristiana anaingia na kitenge chake, na yule binti anainua kichwa kwenye mto na kuanza kumpigia makofi, mkono wenye mkanda na usio na mkanda. Mashine inajaza upepo, yeye anapiga. Kristiana anauliza habari za mama mkwe, yeye anapiga. Kwa vile ni mashine tu, haijui heshima, inaandika inachokipata.

Nilishawahi kupimwa presha mimi. Niliambiwa nitulize mkono, nisiongee. Kwa hiyo nilijua.

Nilipeleka uji. Luciana alikuwa anaangalia namba na kukunja uso. "Ajabu," akamwambia Lydia. "Dakika ya tatu imepanda. Ilitakiwa ishuke."

"Labda ni baridi," Lydia akasema.

"Labda."

Mdomo wangu ulikuwa tayari kufunguka. Kristiana akaonja uji, akalamba mdomo, akaniangalia. "Mkwe, leo humu umetia sukari au machozi?"

Lydia akacheka. Luciana naye akacheka, kidogo tu, lakini alicheka. Nikachukua sufuria yangu nikarudi jikoni. Nikajisemea moyoni, acha aharibu. Acha aharibu mpaka mtoto mwenyewe aone na amwondoe.

Akaja mama wa tatu, wa nne, wa tano. Kila mara makofi. Wako waliopiga kidogo wakachoka, namba zao zikawa nzuri. Wako wakwe wa ukoo wa Kristiana, hao walipiga kama wako harusini, na namba zao, nilizisikia nikipeleka uji, zikapanda mpaka mia na arobaini. Mimi nahesabu nikiwa kizingitini. Nilianza hata kupenda kuhesabu. Kristiana akiingia nasema haya, piga binti, piga.

Luciana alikuwa analala kwangu, chumba kilekile alichokulia. Lakini mara mbili kwa wiki alikuwa anakwenda kula kwa Kristiana, maana Kristiana alimwambia anamchinjia kuku. Akirudi ananukia mchuzi wa watu. Siku moja alirudi, akaweka makaratasi yake mezani.

"Bibi, nadhani dawa imeharibika. Ile sindano inataka ubaridi wa friji, na umeme ulikatika siku mbili kabla sijaja. Mwalimu wangu amenipigia simu, anasema namba zangu hazieleweki. Zikiendelea hivi utafiti hauna maana, nitarudia mwaka."

"Pole, mwanangu."

"Wewe unakaa pale kila siku. Hujaona kitu?"

Hapo aliniuliza wazi, uso kwa uso, mtoto niliyemfundisha kusema. Nikamwona Kristiana moyoni mwangu, ameshikwa goti, anaambiwa ungesoma ungekuwa mbali. Nikasema, "Mimi niko jikoni. Muulize aliye ndani."

Walifika akina mama tisa.

Wa kumi alikuwa Gaudiosa, binti wa jirani, mimba ya kwanza. Asubuhi hiyo Kristiana alikuwa amekwenda Kaoze msibani, kaka yake amefariki. Luciana alinijia jikoni, amefunga kitambaa kichwani, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Bibi, utaweza kukaa ndani leo?"

"Kwa nini nisiweze?"

Aliniangalia kidogo kama anataka kusema jambo, halafu akasema, "Basi ukisikia mtoto analia, ingia."

Nilinawa mikono mara mbili. Nilivua khanga ya jikoni nikafunga ile nzuri niliyokuwa nayo kwenye mfuko. Ndiyo, nilikuja nayo. Kila siku nilikuwa nakuja nayo.

Mtoto alilia kidogo, kilio chembamba, na nikaingia. Luciana alikuwa kwenye meza ya pembeni amegeuka mgongo, anamsugua mtoto mgongoni maana alikuwa hajachangamka. Lydia alishachoma sindano, kondo la nyuma lilishatoka, na sasa anaitwa mlangoni, kuna mama mwingine ameletwa na pikipiki, kichwa cha mtoto kinaonekana. Akaniambia, "Bibi, dakika moja tu," akatoka. Nikakaa kwenye kiti.

Gaudiosa akaniona. Akainua kichwa, akakutanisha viganja, akaanza kunipigia makofi.

Nilijua ninachotakiwa kusema. Maneno ni machache: tulia binti, mkono wako una kazi. Sikuyasema. Wiki tatu nilikuwa naangalia makofi yanapigwa kwa mtu mwingine, na sasa yalikuwa yangu. Mashine ikaanza kunguruma, mkanda ukajaa, na mimi nikamuuliza habari za mama yake. Akapiga. Mashine ikalia na kuandika mia na thelathini na nane juu, tisini na mbili chini.

"Namba ngapi bibi?" Luciana akauliza bila kugeuka.

Nikamsomea. Akaguna. "Imepanda tena."

Nikamuuliza Gaudiosa habari za shamba. Akapiga. Nikamuuliza habari za mumewe. Akapiga, na hapo nikagundua kwamba makofi yake hayatoi sauti. Viganja vilikuwa vinakutana kama vya mtu anayeota. Nikamtazama midomo. Ilikuwa na rangi ya majivu. Nikamshika kipaji cha uso, ni cha baridi na kina jasho, na mwezi wa sita kwetu hakuna jasho.

Mashine ikaanza tena kunguruma, dakika ya tano. Yeye bado anajitahidi kuinua mikono, kwa heshima. Ikaandika mia na thelathini.

"Mia na thelathini," nikasema. Halafu nikasema, "Luciana, hiyo namba ni ya uongo."

"Unasemaje?"

"Ya uongo. Huyu anakwenda. Njoo."

Niliishika mikono yake yote miwili, nikailaza kitandani, nikaikandamiza. Nikamwambia Gaudiosa, "Mama, usinisalimie. Nimekusamehe salamu zote." Luciana alimweka mtoto, akaja hatua mbili, akabonyeza mashine. Tulisubiri ijae. Ikaandika themanini na mbili juu, arobaini na nane chini.

Luciana akafunua blanketi. Vitenge vilivyokunjwa chini ya Gaudiosa vilikuwa vimelowa mpaka kwenye godoro, na juu ya blanketi hakukuonekana kitu.

Alimwita Lydia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Yaliyofuata yalikwenda haraka. Luciana alikuwa anakanda tumbo kwa ngumi, Lydia anatundika dripu, anachoma sindano nyingine, mabonge ya damu yanatoka. Mimi nimemshika kichwa. Nimeshawahi kushika kichwa hivyo. Nilikuwa namwita Gaudiosa, na mara mbili niliita Justina, na hakuna aliyenisahihisha. Baada ya muda, sijui mrefu kiasi gani, Luciana akasema kizazi kimekaza. Presha ikaanza kupanda polepole: tisini, tisini na sita, mia moja na nne. Hizo zilikuwa namba za kweli, maana mikono yake nilikuwa nimeishika mimi.

Alasiri, Gaudiosa akiwa amelala na mtoto kifuani, Luciana alinikuta jikoni. Alikuwa amenawa lakini damu ilibaki kwenye kucha. Akakaa kwenye kigoda.

"Ulijuaje kwamba namba ni ya uongo?"

Nikamwambia. Makofi, mkanda, mashine. Nilimwambia kama ninavyosimulia hapa, bila kupunguza.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mama wa pili."

"Wako tisa, bibi."

"Nimewahesabu."

Akafikiri. "Na mimi nilikuuliza. Mezani kwako nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka umwondoe mwenyewe, bila mimi kusema."

Alijua ni nani. Hakumtaja. "Na leo? Leo hakuwepo. Leo ulikaa wewe."

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa. Nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Leo nilitaka na mimi nipigiwe."

Luciana aliinamisha kichwa mpaka magotini. Nilidhani analia, lakini alipokiinua macho yalikuwa makavu. "Unajua kwa nini sikukuweka pale ndani? Kwa sababu mama yangu alikufia mikononi mwako. Sikutaka kila siku ukae mbele ya damu, umkumbuke. Ndiyo maana nikamchukua bibi Kristiana, yeye hana wa kumkumbuka."

"Hukuniuliza," nikasema.

"Sikukuuliza."

"Mimi nilidhani nimeonekana mtu wa masufuria."

Uji uliendelea kutokota, na hakuna aliyeunywa.

Jumamosi alipanda gari kwenda Sumbawanga mjini kuzungumza na mwalimu wake, aliyekuwa amekuja kikazi. Aliporudi alisema karatasi tisa zimetupwa, na ya Gaudiosa ni ya kumi. Ataanza upya kutoka mama wa kwanza, na hatamaliza kwa wakati. Dawa ilikuwa nzima, haikuharibika. Utaratibu utabadilika: msindikizaji ataingia mama akiwa bado na uchungu wa mbali, watasalimiana kwa kadiri watakavyo, habari zote ziishe, ndipo mkanda ufungwe. Baada ya hapo msindikizaji atamshika mama mikono.

"Ni vizuri," nikasema. "Nitaanza lini?"

"Atakaa bibi Kristiana."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Baada ya haya yote?"

"Yeye hakujua, bibi. Wewe ulijua." Alisema kwa upole, na ingekuwa nafuu kama angesema kwa ukali. "Na nataka wewe ndiye ukamweleze habari za makofi. Mimi sitamwambia."

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa Kristiana. Alikuwa amerudi kutoka msibani, amekaa kwenye mkeka uwani, anapukuchua mahindi. Tulisalimiana, yeye ananipigia, mimi nampigia, maana umri wetu ni mmoja. Nikampa pole ya kaka yake. Halafu nikaeleza. Nilieleza mpaka pale pa kusema haya, piga binti, piga. Sikuona sababu ya kuficha kipande.

Aliendelea kupukuchua. Gunzi likaisha, akalitupa, akachukua hindi jingine.

"Kwa hiyo wiki tatu nzima mimi naharibu, na wewe unakoroga uji unaniangalia."

"Ndiyo."

"Una moyo, mkwe. Mimi ningecheka siku ya kwanza tu, nikajiumbua."

"Sikuwa na kicheko."

"Na yule mtoto amekasirika?"

"Amekasirika. Siku tatu ananisalimia na kunyamaza. Uji wangu anakunywa amesimama."

Kristiana akaacha mahindi. Akafuta mikono kwenye kitenge, si kile cha Pasaka, kilikuwa cha zamani kimepauka. "Mimi hawezi kunikasirikia hivyo," akasema. "Ile jioni nilimchinjia kuku wa mwisho. Akala, akasema asante bibi, akaosha mikono, akaondoka mapema, eti bibi Avelina atakuwa ananisubiri. Mara zote mbili kwa wiki, hivyohivyo. Anakaa kwangu kama mgeni anayeangalia saa. Hata nikimkosea atasema hamna shida." Akachukua tena hindi lake. "Mimi ananionea haya tu, mkwe. Hasira kakuwekea wewe."

Hapo palikuwa mahali pa kusema neno zuri. Mtu amefiwa na kaka yake, amekaa mkekani kwake, amefungua moyo. Ningeweza kumwambia mtoto anakupenda, ningeweza kumwambia alikusifu kwa swali lako la tezi. Yote yangekuwa kweli.

Sikusema hata moja. Nilivuta hindi kwenye rundo lake nikaanza kumsaidia kupukuchua, uso nimeuinamisha, maana nilikuwa nimefurahi, na furaha ile ilikuwa kubwa mno kuonyeshwa kwenye uwanja wa mtu.